Swichi ya porti 24 ya mtumba au ruta ya kampuni? Jibu kwa muuza nyavu wa Kirumba

Msomaji wetu wa Kirumba, Mwanza, ameandika hivi: "Mtaalamu, habari za kazi. Nina duka la jumla la nyavu, kamba na vipuri vya injini za mitumbwi jirani na Mwaloni. Dukani na ofisini tuna kompyuta 5, printa 1, na nataka kufunga kamera 5. Stoo iko ng'ambo ya uwanja, kama mita 70, nako kuna kompyuta 1 na zitawekwa kamera 3. Fundi wa kwanza anataka ninunue swichi ya Cisco ya porti 24 iliyotumika, anasema hicho ni chuma. Fundi wa pili anasema ruta niliyopewa na kampuni ya intaneti inatosha, niongeze viswichi vidogo vidogo tu. Mvua za Machi radi ilinichomea kila kitu, mpaka printa. Safari hii sitaki kubahatisha. Nimfuate nani? Na hilo kabati la mitambo liwekwe wapi?"

Dada yangu, nzuri, na pole kwa hasara.

Kilichoniamulia jibu ni habari ya radi. Mafundi wako wanabishana juu ya ukubwa wa swichi, yaani kile kiboksi cha kuunganisha waya za mtandao, lakini wewe hukuipoteza swichi kwa kuwa ilikuwa ndogo. Biashara ya kompyuta 6 na kamera 8 haina mzigo wa kuielemea swichi yoyote ya kisasa ya gigabiti (megabiti 1,000 kwa sekunde), hata ya bei ya chini. Huku kwetu vifaa vinauawa na radi, na umeme unaokatika halafu ukarudi kwa kishindo. Ziwa hili ni kati ya sehemu zenye radi nyingi sana duniani, hasa usiku kuamkia alfajiri, na wavuvi wako wanalijua hilo kuliko mimi. Kwa hiyo mimi kabla ya kuuliza kasi huuliza mawili: kifaa hiki kitanusurikaje, na kikifa Ijumaa jioni, Jumamosi asubuhi nitapata kingine hapa mjini bila kusubiri basi la kutoka Dar?

Tuanze na huyo wa kwanza. Hajadanganya kwamba zile swichi za makampuni makubwa zimetengenezwa imara. Mwambie tu akusomee namba ya modeli kabla hujatoa hela. Mojawapo inayoonekana sana kwenye mtumba ni Catalyst 2960-24TT. Hiyo ina porti 24 za megabiti 100, na za gigabiti ni mbili tu. Haitoi umeme kwenye waya, maana yake kamera zako zote zitataka kila moja adapta yake na soketi yake. Ina feni ndani, na feni ikishavuta vumbi la stoo mwaka mzima, joto linaanza kupanda. Isitoshe kiwanda kilishaacha siku nyingi kuitolea marekebisho ya usalama. Jina ni kubwa kweli, ila kwa matumizi yako utakuwa umeuziwa mbuzi kwenye gunia. Kama anayo ya gigabiti yenye PoE, yaani inayotoa umeme kwenye waya wa mtandao, tunaweza kuzungumza, ila ulizia kwanza ikifa nani mjini anayo ya pili.

Huyo wa pili naye ana nusu ya ukweli. Kiboksi cha kampuni ya intaneti kinafanya kazi yake vizuri: kinapokea faiba na kuitoa kama waya wa kawaida. Tatizo ni kukifanya kuwa bwana wa mtandao wako wote wakati si chako. Kampuni inaweza kukibadilisha au kukirudisha kwenye mipangilio ya kiwandani kutoka ofisini kwao, na siku hiyo kila ulichopanga kinafutika: printa haionekani, rekoda ya kamera imepotea, na jina la Wi-Fi limerudi lile la kwenye stika. Kiache hapo mlangoni, kifanye kazi ya faiba peke yake, na nyuma yake weka ruta yako mwenyewe.

Viswichi vidogo chini ya meza ndivyo vinavyonitia wasiwasi zaidi. Vile vya bei rahisi havina akili ya kugundua kitanzi. Mfanyakazi anafagia, anaona ncha ya waya imechomoka, anaichomeka kwenye tundu la wazi la swichi ileile ambayo ncha ya pili tayari imo. Kuanzia hapo taarifa zinazunguka humohumo bila mwisho, na ndani ya sekunde chache duka zima halina mtandao. Utaijua hali hiyo kwa taa: zote zinapepesa kwa pamoja, haraka, bila kupumzika. Dawa ni kuchomoa waya mmoja mmoja hadi taa zitulie. Dawa ya kudumu ni kununua swichi yenye kinga ya kitanzi na kuiwasha hiyo kinga, maana nyingi zinakuja imezimwa.

Sasa tuhesabu. Dukani una kompyuta 5 na printa 1. Ongeza waya wa kwenda kwenye ruta na waya wa kuunganisha swichi ya kamera: porti 8. Kwa upande huo nunua swichi ya kawaida ya gigabiti ya porti 16, isiyotoa umeme, lakini yenye uwezo wa VLAN. Nitaeleza baadaye kidogo.

Kamera 5, kifaa 1 cha Wi-Fi cha darini na rekoda ziende kwenye swichi ya pili, ya porti 8 zenye PoE na nafasi mbili za faiba. Kwa nini rekoda iwe huko na si kwa kompyuta? Kwa sababu picha zinatoka kwenye kamera kwenda kwenye rekoda saa 24. Zikiwa kwenye swichi moja, safari hiyo yote inaishia mle ndani na haigusi waya wa watu wanaotoa risiti. Kule stoo weka swichi ya PoE ya modeli ileile: kamera 3, Wi-Fi 1, kompyuta 1.

Modeli ileile nimeisema makusudi. Ya dukani ikifa, unaleta ya stoo, unapandisha mipangilio uliyoihifadhi, duka linaendelea na stoo inasubiri siku mbili. Ukiwa na swichi moja ya porti 24, ikilala hiyo, na wewe umelala.

Kama unataka jina la kuanzia, TP-Link TL-SG2210MP ina porti 8 za PoE, nafasi 2 za SFP (kile kiplagi cha kuchomekea faiba), na bajeti ya wati 150. Si lazima iwe hiyo. Chochote chenye sifa hizo kinachopatikana mjini na kina warantii kinafaa, mradi kifaa cha mawasiliano kiwe kimeidhinishwa na TCRA.

Hilo neno bajeti ya wati ndilo watu wanalipita haraka, na ndilo linalozaa malalamiko mengi ya kamera. Swichi ya PoE inaandikwa kwamba kila porti inaweza kutoa wati 15.4, kwa kiwango kinachoitwa 802.3af, au wati 30 kwa 802.3at. Mnunuzi anazidisha mara 8 anafurahi. Lakini jumla inayoweza kutolewa kwa pamoja ni namba nyingine kabisa, na kwenye swichi nyingi ndogo ni kama wati 60 tu. Mchana kila kitu kinafanya kazi. Ikifika saa moja jioni, kamera zinawasha taa zake za kuonea gizani, kila moja inaongeza wati kadhaa, jumla inavuka mpaka, na swichi inaanza kuzima porti za mwisho. Asubuhi fundi anafika, kamera zote ziko hewani, anakuambia hakuna shida. Usiku zinazima tena. Ndugu zangu wanabadilisha kamera, wanabadilisha waya, wanabadilisha na fundi, kumbe ni hesabu.

Ya kwako ni hii. Chukulia lebo ya kamera inasema hadi wati 9: kamera 5 ni wati 45. Kifaa cha Wi-Fi kinaweza kufika wati 13. Jumla 58, na hujaweka akiba. Swichi ya wati 60 itakuwa inapumulia puani kila usiku. Tafuta ya kuanzia wati 80 kwenda juu, na soma lebo ya kamera utakazonunua, usikubali makadirio ya mdomoni. Jingine, kuna vifaa vinavyotumia PoE isiyofuata kiwango, volti 24 zinazosukumwa muda wote bila kuulizana. Ukiuchomeka waya huo kwenye kifaa kisichoutaka unaweza kukiunguza. Kama kwenye boksi hakuna 802.3af wala at, uliza.

Nakuja kwenye zile mita 70, na hapa nitakaa.

Kiufundi waya wa shaba unaruhusiwa hadi mita 100, kwa hiyo mafundi wako wote wawili watakuambia vuta waya wa kawaida, unafika. Unafika kweli. Ninachokataa si umbali. Radi ikipiga jirani, hata kama haijagusa jengo lako, ardhi ya dukani na ardhi ya stoo kwa muda mfupi zinakuwa na volti tofauti, na tofauti hiyo inatafuta njia ya kupita. Waya wa shaba uliounganisha majengo mawili ndiyo njia yenyewe. Upande mmoja uko swichi, upande mwingine uko swichi, na nyuma yao kompyuta, rekoda na printa. Sitashangaa kama hiyo ndiyo njia iliyotumika Machi, maana umesema imekwenda mpaka printa. Kuuzika waya chini hakuondoi tatizo hili.

Weka faiba. Faiba ni uzi wa kioo, na kioo hakipitishi umeme. Stoo ikipigwa, itaungua ya stoo. Chagua faiba ya singo modi, si kwa sababu ya umbali, bali kwa sababu mafundi wanaounga faiba za majumbani hapa Mwanza wanafanya kazi na hiyohiyo, na mashine zao zinaijua. SFP mbili za gigabiti, moja kila upande, zichomekwe kwenye zile nafasi za swichi. Bei ya kazi yote hii imeshuka sana ukilinganisha na zamani, na ukiiweka pembeni ya bei ya printa na kompyuta ulizopoteza utaona ni ndogo.

Kitu kimoja mafundi wengi wanasahau: faiba ya kutundika hewani mara nyingi ina waya wa chuma pembeni wa kuishikilia. Huo ni chuma, na unapitisha radi vizuri tu. Ufungwe ukutani nje na kukatwa hapo, kinachoingia ndani kiwe kile kijiuzi cha kioo peke yake. Au nunua faiba isiyo na chuma kabisa, ipite kwenye bomba chini ya uwanja, na bomba liwe pana ili siku ukitaka kupitisha ya pili usichimbe tena.

Umesema stoo, sikujua kama ni ya tofali au ya mabati. Ikiwa ya mabati usitegemee Wi-Fi ya dukani ifike ndani, hata ukinunua ile yenye antena nane. Ndiyo maana nimekuwekea kifaa chake huko. Na kama kuna mtu atakuuzia wazo la kuunganisha kwa antena mbili za juu ya paa badala ya faiba, hilo linafaa pale ambapo barabara au jiwe limezuia kuchimba, na antena zinaonana uso kwa uso. Mji wetu na mawe yake, mara nyingi hazionani.

Mawe hayohayo ndiyo yanayotusumbua kwenye athi. Kila kinga ya radi inayouzwa, iwe ya soketi, ya waya wa mtandao au ya paneli kuu, inafanya kazi moja: kuupeleka umeme uliozidi ardhini. Kama athi yako ni fimbo iliyogonga mwamba baada ya sentimita 40 ikakatwa ili ionekane imeingia yote, basi umenunua mapambo. Ardhi yenye granaiti inapitisha umeme vibaya. Muite fundi umeme mwenye kipimo cha athi, akupimie na kukuandikia ohmu. Ohmu zikiwa nyingi mno, kuna namna: fimbo kadhaa zilizounganishwa, au ukanda wa shaba uliolazwa kwenye mtaro wenye udongo mzuri. Athi ya kabati la mtandao iunganishwe na athi ya jengo, isiwe fimbo ya peke yake ya pembeni. Hela ya kazi hii itoke kabla ya hela ya swichi. Najua haionekani, na hakuna mteja atakayeisifia.

Kamera za nje zifungwe chini ya paa la jengo husika. Inayotaka kukaa kwenye nguzo katikati ya uwanja iwekewe kinga yake pale waya unapoingia ndani.

Sasa ruta. Usiinunue kwa wingi wa antena. Nunua isiyo na Wi-Fi kabisa, Wi-Fi tumeshaiweka darini mahali panapostahili, na ruta ikae kabatini ifanye ya kwake. Unachokihitaji ni ruta inayopokea laini mbili za intaneti na kuhama yenyewe moja ikianguka. Kwa mtu asiye na fundi wa kudumu, naelekea kwenye aina ya TP-Link ER605: porti 5 za gigabiti, na kurasa zake fundi mwingine akija anazielewa bila kukuita. MikroTik hEX ni kifaa kizuri mno, na kinakubali umeme wa DC wa volti 12, kwa hiyo kinaishi vizuri kwenye betri ya sola. Ila kinataka mtu anayekijua. Kikifungwa na asiyekijua unabaki na mlango wazi, na mwaka 2018 dunia iliona matokeo yake: tundu la usalama lilikuwa limeshazibwa na kiwanda mwezi Aprili, lakini mamia ya maelfu ya ruta hazikuwa zimesasishwa, zikatekwa na kuchimbishwa sarafu za mtandaoni za watu wengine. Ruta yoyote utakayochukua, isasishwe siku ya kwanza na nenosiri la kiwandani libadilishwe siku hiyohiyo.

Laini ya kwanza ni hiyo faiba yako. Ya pili iwe ya kampuni tofauti, ruta ndogo ya laini ya simu ya 4G inatosha, ikiwekwa karibu na dirisha. Hapa kuna mtego. Faiba ikikatika huko nguzoni, kile kiboksi cha kampuni bado kina umeme, na waya kati yake na ruta yako bado unawaka taa ya kijani. Ruta inaona kijani, inadhani mambo shwari, haihami. Duka limesimama na laini ya pili iko pale inakutazama. Fundi aiambie ruta ipime anwani ya nje, kwa mfano 1.1.1.1 au 8.8.8.8, na ikikosa majibu ihame. Asipofanya hivyo umelipia laini ya pili bure.

Akishamaliza hilo, azuie kamera zisitumie laini ya pili. Zina tabia ya kupeleka picha mtandaoni bila kukuuliza, na bando la mwezi linakwisha kabla ya chakula cha mchana. Laini ya simu iachiwe risiti, malipo na barua pepe.

Usitarajie laini mbili zikukinge na kila kitu. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu kwa pamoja na nchi nzima ikayumba, ukiwa na laini moja au tatu. Mfumo wako wa mauzo uwe unaweza kuuza bila intaneti na kupeleka taarifa baadaye. Muulize aliyekuuzia programu swali hilo leo.

Niliahidi VLAN. Ni uwezo wa kuigawa swichi moja iwe kama swichi tatu zisizoonana. Kwako zinatosha tatu: ya kazi, ya kamera, ya wageni. Wavuvi wakiwa wanasubiri mzigo wataomba Wi-Fi, na hutawanyima, wala hupaswi. Lakini simu ya mgeni haina sababu ya kuweza kuiona kompyuta yenye madeni ya wateja. Kamera nazo ziwe peke yake kwa kuwa programu zake za ndani mara nyingi hazisasishwi, na ni mlango ambao wezi wa mitandaoni wanaupenda. Kuna na sura ya kisheria: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inagusa pia picha za watu unaowarekodi. Weka tangazo la kamera mlangoni na usiache rekoda ichungulike na kila mtu.

Ukitaka kuangalia kamera ukiwa Ukerewe au Dar, usimruhusu mtu "akufungulie porti", yaani mlango wa kuingilia mtandao wako kutoka nje. Kwanza kwenye laini nyingi za simu haitafanya kazi kabisa, kwa kuwa kampuni inawaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Ukiona anwani ya nje ya ruta yako inaanzia 100.64 hadi 100.127, ndiyo hiyo. Pili, porti iliyofunguliwa kwa ajili yako imefunguliwa na kwa wengine. Ingia kwa VPN ya ruta, yaani njia ya siri iliyofungwa ndani ya intaneti, au kwa programu ya kamera yenyewe ukiwa na nenosiri gumu.

Waya ndani ya majengo: Cat6, au hata Cat5e, ambayo inabeba gigabiti hadi mita 100 bila shida. Muhimu ni iwe shaba tupu. Madukani kumejaa waya ambao ndani ni aluminiamu iliyopakwa shaba kwa juu. Unauzwa rahisi, boksi lake ni jepesi ukilinyanyua, na ukikwangua uzi kwa wembe unaona weupe chini ya wekundu. Kwa PoE huo ni balaa: unapata joto, unapoteza volti njiani, na ukikunjwa mara mbili tatu kwenye kona unakatika ndani kwa ndani. Nenda na wembe dukani, hakuna atakayekukatalia kukwangua ncha ikiwa waya wake ni mzuri.

Na fundi atumie nyuzi zote 8. Wapo wanaofunga 4 tu ili waya mmoja uhudumie vifaa viwili. Kwa nyuzi 4 unabaki na megabiti 100 hata ukinunua swichi ya dhahabu. Siku ya kukabidhiwa, hamisha faili kubwa kutoka kompyuta ya duka kwenda ya stoo. Ukiona inakwenda megabaiti 100 na ushee kwa sekunde, gigabiti ipo, ilimradi diski za kompyuta zenyewe si za kizee. Ukiona 11, kuna waya umefungwa vibaya mahali.

Umeme wa akiba ugawe mara mbili. Kiboksi cha faiba, ruta na swichi ya kompyuta kwa pamoja hazizidi wati 30 hivi. UPS ndogo yenye betri ya volti 12 na Ah 7 itazibeba saa moja na nusu, pengine zaidi. Kamera ni habari nyingine: swichi ya PoE pamoja na rekoda ni kama wati 90, na mwizi anapenda giza la TANESCO. Hizo zipe inveta na betri ya Ah 100. Ukitumia nusu yake tu ili isife mapema, unapata kama saa 5. Stoo ipate ya kwake ndogo. Kati ya gridi na vyote hivi weka kifaa kinachochelewesha umeme ukirudi, dakika mbili tatu, maana mpigo wa kurudi ndio unaochoma adapta.

Kabla hujammalizia fundi hela yake, afanye mbele yako: achomoe waya mwembamba wa faiba nyuma ya kiboksi na uone duka likihamia laini ya pili lenyewe, azime swichi kuu ya umeme, mrudi usiku mkague kamera zote zikiwa zimewasha taa zake. Akupe mipangilio ya ruta na swichi zote kwenye flashi, na manenosiri yote kwenye karatasi yenye sahihi yake. Ukae navyo wewe, si yeye. Nimeona biashara ikibaki mateka wa fundi aliyehamia mkoa mwingine na simu haipatikani, kila kifaa ikabidi kifutwe na kuanzwa upya.

Ukiniuliza kati ya wawili hao nani apewe kazi, mpe yule atakayekubali kupima athi na kuvuta faiba kabla ya kukupa bei ya swichi. Huenda akawa wa tatu.

Kabati: liwe dukani, si stoo, ukutani, juu ya kichwa cha mtu, mbali na mlango unaoelekea ziwani na mbali na mahali nyavu zinapokatwa, kwa sababu vile vinyuzinyuzi vinaingia kila tundu. Lifungwe kwa ufunguo. Matundu ya hewa yaachwe wazi lakini yawekewe wavu laini wa mbu, maana wale wadudu wa ziwani wakifuata vile vitaa usiku wanajaa ndani kwa vikombe, na mjusi anawafuata wao.